Mashati ya Jaji

11 Januari

Baba Jaji,

Salamu nyingi. Sisi hatujambo, ila hiyo "hatujambo" isome ukiwa umekaa.

Jana tulikuwa hospitali kwa ule ukaguzi wa kila miezi sita. Safari hii tumempata daktari mpya, dada mmoja mfupi, hana mzaha hata kidogo. Yule mzee wa zamani si unamjua, alikuwa anamsikiliza Jaji kifua juu ya shati, anaandika mistari miwili, anatuaga. Huyu kasema, "Mvueni shati." Nikamwambia chumba kina baridi. Akasema, "Mama, mvue." Nikamvua. Akapita nyuma ya kiti cha magurudumu, akakaa kimya muda mrefu, kisha akatutuma kwenye eksirei.

Basi nisikuzungushe. Uti wa mgongo umepinda. Anasema ni jambo la kawaida kwa watoto wenye ugonjwa huu wa misuli. Wakishaacha kutembea, misuli ya mgongo inalegea na mifupa inakosa wa kuishikilia. Anataka kumpasua, amwekee vyuma viwili kutoka chini ya shingo mpaka kwenye nyonga, vikazwe kwa skrubu. Halafu wakampeleka kupuliza kile kifaa cha mapafu. Kapata thelathini na nne. Yaani mtoto wa miaka kumi na minne mwenye afya akiwa na pumzi mia, wetu ana thelathini na nne. Daktari kasema mgongo ukizidi kupinda utayabana mapafu, na pumzi zikizidi kushuka upasuaji wenyewe unakuwa wa hatari, maana anaweza kupasuliwa vizuri kabisa halafu asiweze kuachana na mashine ya kupumulia. Kwa hiyo tusichelewe. Hilo kalirudia mara tatu.

Wanataka sahihi za wazazi wote wawili. Fomu iko humu ndani. Najua huko mnakojenga bwawa simu haishiki hata ukipanda juu ya kreni, kwa hiyo mpe dereva wa lori la vyakula, nitaipokea kwake kama kawaida.

Nimetia na picha ya Jaji ya siku ya kufungua shule, kavaa shati jipya la bluu nililomshonea. Anakusalimu. Anasema kesi ya wewe kula kipande chake cha keki mwaka juzi bado iko mahakamani.

Mkeo,
Mama Jaji


26 Januari

Mama Jaji,

Barua imefika na fomu imefika. Fomu nairudisha kama ilivyokuja, sijaigusa kwa kalamu.

Usinielewe vibaya. Picha nimeibandika ukutani juu ya kitanda changu, na kila anayeingia bwenini namwonyesha. Mtoto kakaa wima, kola iko katikati, mabega sawasawa. Juzi wenzangu walibisha, nikachukua rula yangu ya chuma nikailaza juu ya mabega yake pale pichani. Yote mawili yameigusa! Walicheka mpaka wakashika mbavu. Sasa huyo dada mfupi anataka kunyoosha nini?

Mimi chuma nakijua. Miaka ishirini nakunja nondo, nazinyoosha, nazichomelea. Nondo ikipinda ukainyoosha, pale ulipoinyoosha inabaki na ufa usioonekana, na siku ukiibebesha mzigo inakatikia hapo hapo. Na hicho ni chuma, sembuse mtoto. Umlaze kwa dawa mtu mwenye pumzi thelathini na nne, umpige skrubu mgongo mzima, halafu nani atanihakikishia kwamba ataamka? Umeuliza hilo? Hapa kuna fundi bomba mmoja, mdogo wake alipasuliwa mgongo. Aliingia kwa miguu yake, akatoka kwa machela. Jaji hatembei, sawa, lakini anakaa, anakula mwenyewe, anaandika, anatuhukumu.

Likizo bosi kaikataa tena, si unajua mikataba ya huku. Lakini Julai nakuja, hilo liandike. Nikimwona kwa macho yangu ndipo nitasaini. Miezi sita si mingi.

Mwambie kesi ya keki naikatia rufaa. Nacheka peke yangu hapa nikikumbuka ana miaka minne, sisi tunagombana, yeye kapanda juu ya kiti anagonga bakuli kwa kijiko: "Kimya! Mama amekosea!" Kesho yake, "Baba amekosea!" Hakuwahi kumpendelea mtu yule.

Wako,
Baba Jaji


15 Februari

Baba, shikamoo.

Naandika mwenyewe, ndiyo maana mistari inapanda mlima. Mkono unachoka upesi, kwa hiyo barua hii ni ya siku tatu.

Mama alikuandikia habari za kupuliza, bora nikueleze mimi niliyepuliza. Unabanwa pua kwa kibanio, unaweka mdomo kwenye bomba, halafu nesi anaanza: "Puliza, puliza, puliza! Bado! Bado! Usiache!" Utadhani anashangilia penalti. Mimi nikacheka, hewa ikapotea, tukaanza upya. Sasa wamenipa kifaa cha nyumbani chenye vipira vitatu. Ukivuta hewa vipira vinapanda. Cha kwanza nakipandisha hata nikiwa nimenuna. Cha pili kwa shida. Cha tatu hatujawahi kufahamiana.

Mama kasema umesema tusubiri. Sawa. Mimi hakuna aliyeniuliza, lakini jaji hasikilizi kesi yake mwenyewe, najua sheria.

Baba, nina ombi moja. Ninunulie jezi. Ya dukani, timu yoyote, mradi iwe na namba nane mgongoni. Mama hataki nivae nguo za dukani, anasema kitambaa cha jezi kina joto na kinawasha. Mashati yake ni mazuri, silalamiki, darasani wananiita bwana harusi. Ila nataka siku moja nivae nguo ambayo haikukatwa kwa ajili yangu. Kama hujanielewa si kitu, wewe ninunulie tu. Na usimwambie Mama kwamba nimeomba, ilete kama zawadi.

Mwanao,
Jaji

Rufaa yako ya keki imetupwa.


9 Machi

Baba Jaji,

Umesema tusubiri, basi tunasubiri. Nimerudi kwa daktari nikamwambia baba wa mtoto hataki. Akaniuliza, "Na wewe, mama, unatakaje?" Nikamwambia mimi nafuata la mume wangu. Akanitazama kwa jicho fulani. Siku zote nimekuwa mtu wa kufuata la mume, si ndiyo? Ungekuwepo ungeanguka kwa kicheko.

Kazi zipo, msimu wa sare za shule. Cherehani haipoi. Jaji hajambo, ila siku hizi anachoka akikaa, anaomba alazwe hata kabla ya mchana. Nadhani ni joto.

Nakutumia picha ya siku yake ya kuzaliwa, shati la kijani. Rula unayo.

Mama Jaji


18 Aprili

Mama Jaji,

Picha ya kijani iko pembeni ya ile ya bluu. Umefanya vizuri kusubiri, Mungu akubariki. Mtoto ananawiri, daktari kazi yake ni kutisha watu.

Kwenye kifurushi kuna jezi, namba nane. Nimeipata kwa mfanyakazi mwenzangu aliyetoka mjini, haijavaliwa. Ni zawadi tu, nimeamka nikajisikia kumpa. Mvishe, mpige picha, nitumie. Usianze habari zako za joto.

Wako,
Baba Jaji


22 Mei

Baba Jaji,

Sijui nianzie wapi, kwa hiyo naanzia mwisho. Jaji amelazwa siku kumi na mbili kwa homa ya mapafu. Katoka juzi. Yalikuwa mafua ya kawaida, mimi na yeye tuliyaanza siku moja. Mimi nilipenga kamasi, nikapona. Yeye hakuwa na nguvu hata ya kukohoa, makohozi yakamjaa kifuani, midomo ikawa na rangi ya majivu. Wamempima tena pumzi. Ishirini na sita.

Daktari hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Kabandika eksirei mbili kwenye taa, ya Januari na ya sasa. Hata mimi nisiyesoma eksirei nimeona.

Sasa soma hili. Ukimaliza ukitaka kuichana, ichane.

Ni mashati, Baba Jaji. Alipokuwa na miaka kumi na mmoja, mwaka mmoja baada ya kuanza kukaa kwenye kiti, nilimpima sare nikaona bega la kushoto liko chini kwa vidole viwili. Nikajiambia, mimi napima watu kila siku, hakuna mwanadamu ambaye mabega yake yanalingana. Nikatia pedi bega la kushoto, kama ninavyowafanyia wateja. Likakaa vizuri. Mwaka uliofuata vidole vitatu, nikatia sponji. Halafu mbavu za kulia zikaanza kutokeza nyuma, nikapanua kipande cha mgongo upande mmoja na kuhamisha mshono wa ubavuni. Kola nikaikata mshazari ili ionekane imekaa katikati. Kitambaa cha mistari nikaacha kabisa kununua, maana mistari ingesema yote. Nikawa namshonea vya rangi moja tu. Siku za picha nilimwekea mto chini ya nyonga, nikamwambia mpiga picha asogee kulia kidogo. Wewe rula yako uliilaza juu ya sponji zangu.

Mwanzoni nilifanya kwa ajili ya watoto wa shule wasimcheke. Halafu kwa ajili yako, usipate wasiwasi mbali huko. Halafu nikawa nafanya kwa ajili yangu mwenyewe. Nilikuwa nikimaliza kumfunga vifungo nasogea nyuma hatua tatu, namtazama, naona mtoto mzima. Nilizipenda hizo hatua tatu. Yule daktari mzee alipokuwa anamsikiliza juu ya shati nilikuwa nashukuru moyoni. Huyu wa sasa kasema, "Angeletwa miaka miwili nyuma, pumzi zingali nyingi, ingekuwa habari nyingine." Nikamjibu hatukujua. Nilisema hivyo Jaji akiwa pale pale, naye akatazama pembeni.

Na ulipokataa kusaini, nilinuna kwa mdomo tu. Ndani yangu nilishusha pumzi. Nilipata mtu wa kujificha nyuma yake.

Jezi ilikaa kabatini mwezi mzima. Leo nimemvisha. Nimempiga picha kwa nyuma, bila mto, bila kitu. Iko kwenye bahasha ndogo. Usiifungue mbele ya watu.

Fomu nyingine iko humu. Daktari anasema hata kwa pumzi hizi inawezekana, zamani wangemkataa, siku hizi wana namna. Wiki nne za mazoezi ya kupumua, barakoa ya hewa ya kumsaidia akilala, na kuna mashine ya kumkohoza. Baada ya upasuaji atakaa kwenye chumba cha wagonjwa mahututi. Hatari ni kubwa, hakunificha. Asipopasuliwa hataweza kukaa kabisa, atakuwa mtu wa kulala, na mapafu yatazidi kubanwa mpaka basi. Nimemuuliza lile swali lako, nani atatuhakikishia ataamka. Kasema, "Hakuna."

Nisamehe au usinisamehe, lakini saini.

Mama Jaji


3 Juni

Mama Jaji,

Nimesaini. Fomu ndiyo hiyo.

Picha nimeitazama mara moja, nikaenda kukaa nyuma ya stoo ya saruji mpaka king'ora cha zamu kilipolia. Namba nane imelala ubavu. Mbavu zimetokeza upande mmoja, upande mwingine umebonyea, kichwa kimejitahidi kukaa katikati peke yake. Nimeibandika pale pale, zile mbili nimezitoa.

Nilikuandikia barua ya kwanza, kurasa nne, zote matusi. Nilikuuliza unawezaje kunifanya kipofu, miaka mitatu mizima, kwa sindano na uzi. Nilipofika ukurasa wa nne nikaichoma, maana na mimi nina langu, na nilikuwa naandika kana kwamba sina.

Bosi hakunikatalia likizo. Desemba alinipa wiki mbili. Na Desemba ya kabla yake alinipa pia. Nilikataa mimi. Safari ya mwisho nilipokuwa nyumbani, Jaji aliniomba nimsimamishe dirishani atazame mpira. Nilimshika makwapani nikamwinua, na miguu ikaning'inia tu, hakuna kilichokaza. Alikuwa anatangaza mechi, goli hilo, goli hilo, mimi nalia nyuma ya kichwa chake. Tangu siku hiyo nikaogopa kumkuta amepungua zaidi. Nikaona heri niwe naletewa picha. Kwa hiyo yale mashati ulinishonea mimi, Mama Jaji, na mimi niliyapokea kwa mikono miwili.

Sasa nataka kuja na siwezi. Mvua imesomba daraja la chini. Barua zinavushwa na ndoo kwenye kamba. Kama tarehe imefika sijaonekana, msinisubiri, mpelekeni. Tumeshasubiri vya kutosha.

Baba Jaji


23 Juni

Baba, shikamoo.

Anayeandika ni nesi wa zamu, mimi nasema. Mama kaenda kupumzika kidogo kwenye benchi la nje, nimemfukuza.

Ni kesho saa mbili asubuhi. Wiki nne nimevuta vipira mpaka nimeviota. Jana cha tatu kilitikisika. Hakikupanda, lakini kilitikisika, nesi ni shahidi. (Ni kweli. Nesi.)

Mama kanisomea barua yako yote, hata pale alipotaka kuruka nilijua nikamwambia arudi. Kanieleza na habari ya mashati, analia, anadhani ananipa habari mpya. Baba, mimi ndiye niliyekuwa ndani ya shati. Sponji nilizijua tangu darasa la tano, nikitokwa jasho zilikuwa zinalowa bega moja. Sikusema kwa sababu akimaliza kunivisha alikuwa anarudi nyuma, anatabasamu hivi, na mimi nilipenda vile alivyotabasamu. Kwa hiyo sasa nimegonga bakuli. Nesi kanipa la dawa, lakini linalia.

Hukumu. Mshtakiwa wa kwanza, fundi cherehani, ana hatia. Asimshonee mtu tena nguo ya kuficha mgongo, hata akililiwa. Mshtakiwa wa pili, fundi wa kuchomelea, ana hatia ya kutokuja. Akae nyumbani. Si likizo, akae, awe anachoka na sisi kama watu wengine. Mshtakiwa wa tatu alijua kila kitu akanyamaza, naye ni mimi, na nadhani adhabu yangu mnaijua.

Barua hii nesi ataipeleka kwa dereva yeye mwenyewe, na wewe Baba usimsomee Mama mpaka nitoke hospitali. Nataka nimsomee mwenyewe, nione uso wake.

Mahakama imefungwa. Naogopa, Baba. Nimemwambia nesi hilo asiliandike, lakini naona kaliandika.

Jaji


1 Julai

Baba Jaji,

Njoo. Vuka kwenye hiyo ndoo, zunguka mlima, njoo. Nitakueleza yote lakini neno lenyewe ni hilo.

Upasuaji ulichukua saa saba. Daktari alitoka kavua kofia, nywele zimemlala kwa jasho, akasema mgongo umekubali. Jaji aliamka. Uliuliza nani atakuhakikishia, sasa nakwambia aliamka, alifungua macho akanitafuta. Bomba la mashine lilikuwa kooni, hakuweza kusema, akawa anaandika kwa kidole kwenye kiganja changu. Herufi ya kwanza J, ya pili E, nikajua anataka jezi.

Siku ya nne walimtoa bomba wakamwekea barakoa. Siku ya tano wakamkalisha. Baba Jaji, alikaa. Nilitoa futi yangu kwenye mkoba nikampima, karefuka sentimita sita. Nilikuwa nimekwenda na lile shati la bluu, nikamtupia mabegani aone raha. Likamkaa upande. Kola ikaenda huku, bega moja likavimba kama uvimbe, upande mmoja unaning'inia. Shati zima limepinda na mtoto amenyooka. Alijitazama kwenye kioo cha nesi akacheka ndani ya barakoa mpaka mashine ikaanza kupiga kelele, mimi nikacheka, nikalia, nesi akatufukuza sote wawili kwa maneno.

Hiyo ilikuwa juzi. Jana alianza homa. Pafu la kulia limejaa, anachoka, yale macho yake ya utani yamekuwa ya mtu anayefanya kazi nzito. Wanataka kumrudishia bomba. Daktari hatazami pembeni anaponieleza, anasema mgongo ni mzuri, pumzi ndizo zilikuwa chache tangu mwanzo. Anaongea polepole, na mimi nahesabu miaka mitatu kichwani.

Anakuuliza kila asubuhi umefika wapi. Nimemwambia uko njiani. Usinifanye mwongo mara ya pili kwake.

Mama Jaji


20 Agosti

Mama Jaji,

Nimefika kambini salama. Pole na kila kitu. Samahani kwa kuondoka siku ya nane ya msiba bila kuaga vizuri, lori lilikuwa linaondoka.

Kazi imebana. Wamemwaga zege la ukuta mkubwa, tunachomelea zamu mbili mbili. Ni afadhali.

Nashukuru nilimkuta. Siku moja na nusu si haba. Sina uhakika kama alinisikia ile siku ya pili, lakini ya kwanza alinisikia, alinibana kidole. Nashukuru pia mliniachia nimvishe jezi mimi kabla ya maziko. Nilivyomgeuza, ile namba nane ilikaa katikati ya mgongo, imesimama. Nilipitisha kiganja changu kutoka juu mpaka chini. Kazi safi kabisa. Sijawahi kuona kazi safi namna ile.

Mkataba wameniongezea mwaka mmoja na nimekubali. Kwa hiyo usinisubiri Desemba.

Jitunze.

Baba Jaji


14 Septemba

Baba Jaji,

Barua yako nimeisoma. Umeandika "ni afadhali." Afadhali kwa nani?

Uliacha kitu hapa. Nilikuwa nainua cherehani nifagie chini yake, nikaikuta karatasi imekunjwa, mwandiko wa nesi. Sijui ulitaka niione au ulishindwa kunipa mkononi. Nimeisoma nimekaa sakafuni, ufagio kwenye mapaja. Alitaka kuniona uso wangu nikiisikia. Nimekwenda kwenye kioo nikaishika karatasi pembeni ya uso, nikaisoma tena kwa sauti, ili angalau hilo liwe limefanyika.

Sasa nikupe habari. Jumanne kaja mama mmoja na binti yake wa miaka tisa, anataka gauni la shule. Nikazungusha futi. Bega la kushoto liko chini kwa kidole kimoja na nusu. Nikampima tena, nikamwambia ainame aguse vidole vya miguu, nikaona mgongo umeinuka upande mmoja. Yule mama kaniona nilivyonyamaza akasema haraka haraka, "Najua, fundi. Tia pedi tu, lisionekane." Alisema kwa sauti yangu kabisa.

Nikaweka futi mezani. Nikamwambia, "Gauni hili sishoni." Akasema atampata fundi mwingine. Nikamwambia utampata, tena hodari, na ndiyo shida yenyewe. Akachukia, akamshika binti mkono wakatoka. Nikatoka nyuma yao na chaki bado iko sikioni, nikawafuata barabara nzima namweleza habari za Jaji, tangu vidole viwili mpaka ishirini na sita, watu wanageuka kututazama. Kwenye kona akasimama. Akakaa chini kwenye ukingo wa barabara akalia. Tulikwenda hospitali sote watatu. Yule dada mfupi alimvua binti gauni, akapita nyuma yake, na safari hii hakunyamaza muda mrefu. Kasema wamewahi. Misuli yake haina ugonjwa, pumzi anazo zote, watamfunga mkanda maalumu na kumfuatilia. Aliponisindikiza mlangoni alinishika bega.

Nimerudi nyumbani nimeyafumua mashati yote. Kumi na saba. Sponji nimezitupa, vitambaa nimevikunja.

Vile vipira vyake vitatu viko kabatini, na bakuli liko pale pale juu ya meza. Nyumba imekuwa kubwa, Baba Jaji. Nazungumza na kiti. Nakuogopa na nakuhitaji, yote mawili, na sina mtu mwingine duniani aliyemjua yule mtoto alivyokuwa anagonga lile bakuli.

Adhabu yangu nimeianza. Yako umeikimbia mpaka juu ya mlima, na waliokuongezea mkataba hawajui kwamba ulishahukumiwa. Umesema nisikusubiri Desemba. Sikusubiri. Nakuita. Daraja limetengenezwa, dereva wa lori kaniambia.

Jaji hakuandika likizo. Aliandika ukae.

Mkeo,
Mama Jaji